Tulishuka Tabora

“Ziwa liko hapo mlangoni, na bado mnapanda treni siku mbili kwenda kutafuta maji?”

Mama mkwe alisema hivyo akiwa kwenye mkeka, barazani kwake Ujiji, anachambua dagaa kama sahani mbili hivi aliokuwa amewaficha kwa ajili ya Idi. Sikumjibu. Mkwe hajibiwi. Isitoshe, moyoni nilikuwa upande wake, na hilo ndilo jambo ambalo nimekaa nalo muda mrefu bila kulisema.

Ilikuwa Juni 2024. Serikali ilikuwa imelifunga Ziwa Tanganyika kwa uvuvi tangu tarehe 15 Mei, lifunguliwe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Usiku, kule ambako tumezoea kuona taa za vipe, boti za wavuvi wetu, zimetapakaa kama kuna mji mwingine juu ya maji, palikuwa giza tupu. Mke wangu anauza dagaa na migebuka. Ziwa likifungwa, na yeye kafungwa. Wenzake walihamia kwenye mawese, wengine kwenye maharage ya Kasulu. Yeye alisubiri kikundi chao kivunjwe, akachukua hisa zake, akaja nazo nyumbani kwenye mfuko wa sukari, akaziweka mezani.

“Mwalimu,” akasema, maana ndivyo anavyoniita hata tukiwa wawili, “shule mmefunga. Ziwa wamelifunga. Twende baharini.”

Baharini maana yake Paje, Unguja, mashariki ya kisiwa. Alikuwa ameona kwenye simu video ya dada mmoja aliyejifunga mtandio vizuri kabisa, amesimama juu ya ubao, kishada kikubwa kinamvuta juu ya maji kama vile maji ni lami. Aliitazama video hiyo mpaka bando likaisha, kisha akakopa bando akaitazama tena.

Lazima nieleze kidogo habari za mke wangu na maji. Baba yake alikuwa mvuvi. Watoto wa kule ufukweni hawafundishwi kuogelea, wanajikuta tu wanaelea. Miezi ya kiangazi upepo wa kusini ukivuma, Tanganyika inachafuka. Anayedhani ziwa ni bwawa kubwa, aje asimame ufukweni Julai. Yeye na kaka zake walikuwa na ubao mmoja uliotoka kwenye boti lililovunjika. Waliingia nao mpaka maji ya kifua, wakangoja wimbi, wakalala juu yake kifudifudi, wimbi likawasukuma mpaka mchangani. Kusimama juu yake, anasema, alisimama mara moja tu, akiwa na miaka kumi na moja. Wiki ileile shangazi yake akaamua kwamba msichana ameshakua, haogi tena hadharani. Ubao ukawa kuni.

Sasa ana miaka thelathini na mbili, na alikuwa anaidai Tanganyika ubao wake.

Alisoma habari za Paje kama mwanafunzi wa kidato cha nne anavyousoma mtihani. Alijua kwamba kaskazi inavuma kuanzia Desemba mpaka Machi hivi, na kusi kuanzia Juni mpaka Septemba, na kwamba hao wa vishada wanafuata pepo mbili hizo. Alijua kwamba mwamba wa matumbawe uko mbali na ufukwe, mawimbi makubwa yanavunjikia huko, na ndani yake maji ni tambarare na ya kina kifupi, ndiyo maana wanafundishia hapo. Kilichomshangaza zaidi, na mimi pia, ni kupwa na kujaa. Ziwa letu halipwi. Ukiacha ndoo yako ukingoni asubuhi, jioni utaikuta ukingoni. Kule bahari inaondoka, inawaachia akina mama nafasi ya kwenda kwenye mashamba yao ya mwani kwa miguu, halafu inarudi, na inafanya hivyo mara mbili kila siku.

Mwezi lakini anaujua kuliko wazanzibari wengi. Mfanyabiashara wa dagaa lazima aujue mwezi, kwa sababu mbalamwezi ikiwa kali taa za wavuvi hazivuti dagaa, watu wanapumzika. Aligundua kwamba mwezi uleule unaowalaza wavuvi wa Kigoma ndio unaoleta bamvua Unguja, maji yakajaa sana na kupwa sana. Akanichorea yote hayo kwenye daftari lake la hesabu: mwezi juu, chini yake mstari wa maji unapanda na kushuka, pembeni saa. Ukurasa wa nyuma yake kuna madeni ya watu.

Mimi ni mtu wa Kasulu, milimani. Nilikuwa na miaka tisa Mei 1996, MV Bukoba ilipozama kule Ziwa Victoria, na ninachokumbuka ni redio ya baba na watu wazima waliokaa kuizunguka bila kuongea. Tangu hapo maji yanayozidi magoti na mimi tunaheshimiana kwa mbali. Nimeoa Ujiji, naishi hatua chache kutoka ziwani, na sijui kuogelea. Kwenda Paje kulikuwa na maana ya kuvuka kwa boti kutoka Dar es Salaam, halafu kukaa siku sita nikimtazama mke wangu akivutwa na kishada baharini. Niliikubali safari kama wanaume wengi tunavyokubali mambo, kwa kutosema hapana.

Siku ya Idi ya kuchinja alikula kidogo. Kesho yake nikamkuta anaota jua saa tano asubuhi, jua la Kigoma, kajifunga kitenge juu ya khanga.

“Uchovu wa Idi tu,” akasema.

Nikaona kwenye pochi yake karatasi iliyokunjwa yenye vidonge vyeupe. Alikuwa amepita duka la dawa, akasema anajisikia homa, na muuzaji akampimia vidonge vya kushusha homa bila kumwuliza kitu na bila kumpima. Vidonge vile vinafanya kazi, ndiyo ubaya wake. Ukimeza, saa nzima baadaye homa imeshuka, unapika, unacheka, unafunga mabegi. Vimelea navyo vinaendelea na shughuli zao kwenye damu kama hakuna kilichotokea.

Msomaji wa Dar anaweza kujiuliza tulikuwa tunafikiri nini. Tulikuwa tunafikiri kama watu wa Kigoma. Utafiti wa kitaifa wa malaria wa 2017 uliuweka mkoa wetu juu ya mikoa yote: kati ya watoto wanne wa chini ya miaka mitano, karibu mmoja alikutwa na vimelea. Kwa hiyo kwetu mtu anasema “nina malaria” kwa sauti ileile anayosemea “nina mafua”. Na Juni, mvua zikiwa zimekatika juzi tu, ndio wakati wake. Nikihesabu nyuma, wiki mbili kabla tulilala kwa mama mkwe siku tatu. Chandarua chetu kilikuwa kimefuliwa, kiko kwenye kamba, na usiku ule wa kwanza kila mtu alidhani mwenzake amekianua.

Lakini sitaki kumsukumia mbu lawama zote. Niliona. Niliona kitenge juani, niliona karatasi ya vidonge, niliona anavyoshika ukuta akitoka bafuni. Ningesema neno moja, tungekwenda kupima hapohapo Kigoma mjini kabla ya treni. Sikusema, kwa sababu ningesema ningeonekana ninatafuta njia ya kuua safari. Na ningeonekana hivyo kwa sababu ni kweli.

Tulipanda treni jioni ya tarehe 19. Treni yetu ya zamani, ile ya kulala. Watu wa mwendokasi walikuwa ndio kwanza wameanza kupiga picha zao kati ya Dar na Morogoro. Daraja la pili wanawake wanalala kwao na wanaume kwao, vitanda sita kila chumba. Nikamsindikiza mpaka mlangoni, akapanda kitanda cha katikati, akageukia ukutani. Mwezi ulikuwa wa siku ya kumi na mbili, mweupe, na nje ya dirisha miti ya miyombo ilikuwa inapita mmoja mmoja.

Uvinza watu walishuka kununua chumvi. Nilimchungulia, nikauliza kama nimletee chochote, akatikisa kichwa bila kugeuka. Malagarasi nikanunua samaki wa kukaanga, nikampelekea, akasema waweke hapo. Nguruka nililala.

Sijui ilikuwa saa ngapi mlango ulipogongwa. Alikuwa mama mmoja mtu mzima, kajitanda khanga, ana tochi ya simu.

“Wewe ndiye mwalimu?”

“Ndiyo, mama.”

“Njoo umwone mkeo. Anatetemeka mpaka kitanda kinalia.”

Na kweli kilikuwa kinalia. Kile kitanda cha chuma kimefungwa ukutani kwa minyororo miwili, na minyororo ilikuwa inagonga haraka haraka, bila kufuata mwendo wa treni. Wanawake wanne walikuwa wamempa khanga zao zote. Alikuwa ameshika fremu ya dirisha kwa mkono mmoja, kiganja kimebanwa kwenye chuma, anatafuta ubaridi, huku mwili mzima unalalamika baridi. Nilipomgusa shingo niliondoa mkono.

“Usishushe mabegi,” akaniambia kabla sijasema neno.

“Amekunywa vidonge mara tatu tangu tupande,” mama yule akasema. “Anatuambia ni kichwa tu. Baba, bahari haihami. Mshushe Tabora.”

Hapo ndipo nilipohisi kitu kifuani mwangu kimelegea. Nilidhani ni huruma. Ilikuwa huruma, ndiyo, na hofu, mikono yangu ilikuwa inatetemeka karibu kama yake. Lakini chini kabisa ya vyote hivyo palikuwa na mtu mdogo wa Kasulu aliyekuwa anashusha pumzi: hatutavuka bahari.

Tabora asubuhi ya Juni ina baridi ambayo mtu wa Kigoma haitarajii. Mji uko juu, mita 1,200 na kitu. Bajaji ilitufikisha hospitali moja si mbali na stesheni. Muuguzi akamtoboa kidole, akadondosha tone kwenye kile kipimo kidogo cha plastiki, akaongeza matone ya dawa, akakiweka juu ya meza tukakitazama. Mstari wa kwanza, kisha wa pili, mwekundu kabisa, haukungoja hata dakika zake.

Wangempa dawa mseto tu tukaondoka, vidonge vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku tatu, kama tulivyozoea. Alivimeza, akavitapika. Daktari kijana akainama karibu yake.

“Dada, leo siku gani?”

Mke wangu akamtazama kwa makini sana, akajibu, “Maji yanajaa saa kumi.”

Daktari akanigeukia mimi. Nikamweleza kuhusu daftari, kuhusu bamvua, na nilivyokuwa naeleza nikamwona haandiki habari za bahari. Aliandika kwamba mgonjwa hajitambui vizuri. Malaria kali. Akalazwa, akachomwa artesunate pale pale, nyingine baada ya saa kumi na mbili, nyingine kesho yake. Mama yangu mzazi aliwahi kuchomwa kwinini enzi zile, akakaa wiki nzima anasikia nzi masikioni. Hii ya sasa haina makuu hayo. Usiku wa kwanza nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikimtazama mtoto wa jirani aliyekuwa na dripu kichwani, na kila muuguzi alipopita niliangalia uso wake kwanza kabla ya kuangalia anachobeba.

Kesho yake mchana aliamka, akaniangalia, akauliza, “Samaki wa Malagarasi ulikula?”

Nikajua amerudi.

Alipotoka wodini daktari alisema hakuna safari ndefu kwa siku kadhaa, amalize vidonge vyake, ale, alale. Tukapata gesti uchochoroni nyuma ya stesheni. Mwenye gesti ni bibi wa Kinyamwezi ambaye kila asubuhi aligonga mlango kwa “Mwangaluka!” na hakuondoka mpaka ajibiwe vilevile. Alimletea mgonjwa uji wa karanga uliotiwa asali ya miyombo, asali nyeusi yenye harufu ya moshi, akasimama mlangoni mpaka bakuli liishe. Kwa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, alisema meno ya mgonjwa bado, akanipa mimi.

Siku zile nilikuwa natoka kidogo kutembea, nikawa nakumbuka vitu ninavyowafundisha watoto darasani bila kuvifikiria. Njia tuliyokuja nayo kwa treni ni ileile ya misafara, Ujiji, Tabora, mpaka pwani Bagamoyo. Reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, ikapita karibu na nyayo za wapagazi. Na Tabora imekuwa mahali pa wasafiri waliokwama kabla hata ya reli. Burton alibaki hapa 1858, wakati huo wanapaita Kazeh, baada ya kuuguzwa njia nzima. Mwenzake Speke akaenda kaskazini bila yeye, akaliona Ziwa Nyanza, ndilo Victoria, mwezi wa nane. Livingstone, baada ya kukutana na Stanley kwetu Ujiji 1871, alikuja naye mpaka Kwihara, nje kidogo ya mji, na Stanley alipoondoka Machi 1872 mzee alibaki hapo akisubiri wapagazi mpaka Agosti. Miezi mitano. Nilimweleza mke wangu nikidhani nitamfariji.

“Hao walikuwa wanatafuta chanzo cha Nile,” akasema. “Mimi nilikuwa natafuta kusimama kwenye ubao.”

Kijana wa Paje aliyekuwa amfundishe alitumiwa ujumbe. Akajibu kwa adabu kabisa: pole sana dada, malipo ya awali hayarudi ila hayaozi, kusi ipo mpaka Septemba. Boti na nyumba ya kulala hatukuwa tumelipia. Hela iliyobaki ikaingia hospitali, gesti na chakula.

Siku ya nne niliporudi kutoka sokoni nilimkuta nje. Mbele ya gesti kuna mtaro wa maji, na juu yake kuna ubao wa kuvukia. Alikuwa amesimama katikati ya ule ubao, kaugeukia upande, mguu mmoja mbele mwingine nyuma, magoti ameyakunja, mikono imefunguka. Miguu imekonda, gauni linapepea. Ubao ulikuwa unadunda kidogo. Macho hayakuwa kwenye mtaro. Alikaa hivyo labda kwa muda wa kuhesabu mpaka ishirini, kisha jasho likamtoka, akakaa chini hapohapo juu ya ubao, miguu inaning’inia mtaroni.

Bibi wa gesti alikuwa anatazama kutoka dirishani. “Mgonjwa anacheza ngoma gani hiyo?”

“Ya kwetu Ujiji, bibi,” akajibu.

Mimi nilikuwa nimesimama na mfuko wa machungwa. Ningeweza kusogea. Nilibaki pale, nikajiona mwizi.

Nilimwambia kwenye treni ya kurudi. Safari hii tulikaa daraja la pili la viti, bega kwa bega, kwa hiyo hapakuwa na pa kukimbilia. Tulipoipita Kaliua nikamwambia yote: kwamba niliona vidonge nikanyamaza, kwamba usiku ule kwenye minyororo ya kitanda nilifurahi, sehemu fulani ya mimi ilifurahi. Nilitegemea alie au anyamaze mpaka Kigoma.

Alikuwa anamenya chungwa. Alimaliza kulimenya.

“Nilijua,” akasema. “Tulivyofika Tabora ulishuka na mabegi kama mtu aliyefika.”

Akanipa nusu ya chungwa. Baada ya muda akaongeza, “Na mimi nilijua ni malaria toka Jumatatu. Nilisema ikifika Unguja, itatibiwa Unguja. Kwa hiyo usijifanye mkosaji peke yako.”

Mama mkwe alitupokea bila maneno, na kutoka kwake hiyo ni heshima kubwa. Chandarua kilikuwa kimefungwa tayari, kimechomekwa pande zote nne.

Septemba hatukwenda. Shule zilikuwa zimefunguliwa na hela haikuwepo, basi. Kijana wa Paje anasema kaskazi nayo ni nzuri.

Ila kuanzia Julai, tukiwa bado kwenye ziwa lisilo na boti wala nyavu, alianza kunipeleka majini alfajiri, upande wa Bangwe, kabla watu hawajaamka na kabla upepo haujaanza. Somo la kwanza lilikuwa kulowesha masikio. La pili kulala chali. Ananiwekea kiganja chini ya mgongo, ananiambia niangalie mbingu, nisimwangalie yeye. Agosti ziwa likafunguliwa, taa zikarudi usiku, na yeye akarudi kwenye dagaa, kwa hiyo siku hizi ni Jumapili tu. Rekodi yangu ni kumi na mbili kabla miguu haijazama. Anahesabu yeye, kwa sauti, na nikianza kuzama anahesabu haraka haraka ili zitimie nyingi.